MBWA ASIUAWE KWA KOSA LA MWENYE MBWA

Ndugu wanachama wa Ushirika, ndugu wanakijiji wote,

Anayejua kusoma asome kwa sauti, na aliye nyuma asogee asikie. Habari ni ndefu kidogo, lakini jambo lenyewe si dogo.

Mkutano Mkuu wa Kijiji unakuja, na ajenda mojawapo ni mbwa. Maneno yameshautangulia mkutano. Kisimani, kilabuni, kwenye mashine ya kukoboa, kila mahali ni hayo hayo: eti mbwa wote wa kijiji hiki wawekewe sumu, kazi iishe. Wengine wameshaanza kuulizana nani atatoa nyama na nani atatoa dawa. Sisi tunasema HAPANA. Tunalisema mapema, tena ukutani, ili asitokee mtu wa kudai kwamba hakuujua msimamo wetu.

Hasira hii ina sababu yake. Mama mmoja mjane aliamka asubuhi akakuta mbuzi wake wanne wamelala zizini, makoo yamepasuliwa, na nyama haikuliwa. Mbuzi wanne kwa mama yule ni sare za shule, ni mbegu ya mpunga, ni nauli ya kwenda hospitali Ifakara. Asiwepo mtu wa kusoma karatasi hii akadhani tunawahurumia mbwa kuliko yule mama. Ni kwa ajili yake tunaandika. Tumepiga hesabu, na hesabu inaonyesha kwamba sumu ikiwekwa, yeye ndiye atakayepata hasara mara ya pili.

Hesabu ni hii. Mbwa akiwa hai hufuatwa mpaka kwake. Kwake kuna mtu, na mtu ana jina na ana gunia la mpunga ghalani. Huyo ndiye wa kulipa mbuzi. Mbwa wote wakifa, nani ataulizwa? Mzoga hauna mwenyewe. Kila mtu atasema, "Mbwa wangu? Mimi sikuwa na mbwa." Hebu tazameni vizuri, ndugu, ni akina nani wanaopiga kelele kubwa kuliko wote juu ya sumu. Siyo yule mama. Yeye anauliza nani atamlipa. Wanaopiga kelele wengine ni watu wenye mbwa watatu, wanne, ambao hawajawahi kuwapa hata ukoko wa sufuria. Wanataka mbwa afe ili deni life naye. Hiyo ni kuficha kosa, wala haisafishi kijiji.

MBONA MBUZI HAWAKULIWA?

Kwa kuwa nyama haikuliwa, maneno mengine yamezuka: eti ule ni uchawi, eti fisi wa mtu. Jamani! Tuache. Uongo wa namna hii huanza na mbuzi na huishia kwa bibi kizee asiye na kosa kuchomewa nyumba. Jambo lile lina maelezo, na maelezo hayahitaji mganga.

Mbwa ametokana na mbwa-mwitu wa nchi za baridi, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. Mnyama yule aliishi kwa kuwinda, na kuwinda kuna hatua zake. Kwanza hunusa na kutafuta. Pili hukaza macho. Tatu hunyemelea. Nne hufukuza. Tano hukamata kwa meno. Sita huua. Saba hurarua na kula. Binadamu alipomfuga, hatua hizi hazikufutika. Kila moja ilibaki na utamu wake yenyewe. Mbwa hafukuzi kwa kuwa anafikiria chakula. Anafukuza kwa kuwa kufukuza kwenyewe kunampendeza, kama vile kijana anavyoukimbilia mpira hata kama hakuna zawadi.

Mtu asiyeamini amtazame paka wake. Paka aliyeshiba dagaa akiona panya anakaa? Hakai. Basi na mbwa ni vivyo hivyo. Njaa ni kitu kimoja, na hamu ya kufukuza ni kitu kingine.

Sasa mtieni mbwa wa namna hiyo ndani ya zizi. Porini akimkamata mnyama mmoja, wengine wameshakimbia, na kazi imekwisha. Zizini hakuna pa kukimbilia. Akimwangusha wa kwanza, wa pili anaruka mbele yake. Anaacha wa kwanza, anamfuata anayeruka. Halafu wa tatu. Halafu wa nne. Kinachoruka ndicho kinachomwita. Hafiki kwenye hatua ya kula, kwa sababu hatua ya kufukuza inaanza upya kila mara. Na wakiwa mbwa wawili au zaidi, mmoja humchochea mwenzake, na hata yule mpole wa mchana usiku huwa mwingine kabisa. Hakuna mchawi hapo. Pana mlango mbovu wa zizi, na pana mbwa walioachwa wazurure usiku.

HAMU HIYO NDIYO TUNAYOITUMIA

Kuna jambo wanalosahau wapenda sumu. Hamu hii ya kufukuza ndiyo iliyotulindia mpunga.

Nani hapa hajalala kwenye dungu mpunga ukianza kuchanua? Nguruwe pori wakiingia shambani usiku mmoja, wanaacha kama palipigwa trekta. Nyani nao wanajua kuhesabu watu: wakiona mama yuko peke yake na mtoto mgongoni, hawamwogopi. Anayesimama kati ya nguruwe na gunia lako ni yule mbwa. Anasikia kabla hujasikia, ananusa kabla hujaona. Akibweka na kukimbia mbele, anafanya kwa sababu ya hamu hiyo hiyo iliyoua mbuzi.

Sisi watu wa bonde hatuhitaji kufundishwa jambo la namna hii na mtu wa mbali. Mto Kilombero ukifurika, maji yale yale yaliyozoa nyumba ndiyo yanayotuotesha mpunga. Tumewahi kusema mto ukaushwe? Tunajenga matuta, tunagawa majaruba, tunaacha njia ya maji. Hamu ya mbwa inataka tuta, haitaki sumu. Na tuta hujengwa kabla ya mvua.

MANENO YA UONGO YALIYOZAGAA

Uongo wa kwanza: "Mbwa mwenye njaa ndiye mlinzi mkali." Huu umesemwa tangu babu zetu, na ni uongo. Mwenye njaa hana miiko. Mbwa mwenye njaa halindi, anazurura. Usiku wa kulinda mpunga wako yeye yuko jalalani kwa jirani, au yuko kwenye mayai ya kuku wa mwalimu. Ukimlisha hutamwondolea hamu ya kufukuza, hilo tumeshalisema, lakini utamwondolea sababu ya kutoka nyumbani. Mlinzi asiyekuwapo kwenye lindo ni mlinzi gani?

Uongo wa pili: "Mpe pilipili, mpe bangi, atakuwa mkali." Pilipili huumiza tumbo, bangi huharibu kichwa. Hakuna hata moja linalomfundisha mbwa kutofautisha mwizi na mtoto aliyetumwa chumvi.

Uongo wa tatu: "Akirudi mpige, atakoma." Huu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu unaonekana kama una busara. Mbwa ametoka alfajiri, amefukuza kuku, amerudi saa tatu anatikisa mkia. Bwana mkubwa anachukua fimbo. Mbwa anaelewa nini? Kosa lile lilitendeka zamani, amekwisha lisahau. Alichofanya sasa hivi ni kurudi nyumbani, na kwa kurudi amepigwa. Basi kesho hatarudi mapema. Umemfundisha kweli, lakini umemfundisha kukukimbia.

Na wale wanaomfunga mbwa kuku mfu shingoni mpaka aoze, wanapata harufu tu. Mbwa hajui kwamba ule ni waraka wa onyo.

Uongo wa nne: "Aliyeonja damu hafundishiki." Hapa tuseme ukweli wote. Mbwa aliyekwisha kuua ni kazi ngumu, maana ameshaujua utamu. Huyo haaminiwi tena kuachwa bila kamba penye mbuzi, maisha yake yote. Bwana mifugo akimwona hafai kabisa, ataondolewa kwa njia ya halali na isiyo ya mateso, MBUZI WAKIWA WAMESHALIPWA. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kila mbwa wa kijiji amehukumiwa, ni mbali sana. Mtu mmoja akiiba pampu ya Ushirika, tunawafunga wanachama wote?

TUMEMFUNDISHA WENYEWE

Sasa tuseme lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Mbwa hawa hawakuzaliwa wauaji wa mbuzi. Tumewafundisha.

Vijana wetu kila Jumapili wanakusanya mbwa kumi na zaidi, wanakwenda mabondeni kutafuta ndezi. Wanapiga miluzi, wanapiga kelele, "Shika! Shika!" Mbwa akishika, wanamsifu na kumtupia matumbo. Jumapili nzima anasifiwa kwa kufukuza kila kinachokimbia. Jumatatu anarudi kijijini, anaona mbuzi anakimbia. Nani alimwambia kwamba leo sheria ni nyingine? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimfunza kwa siku moja na kumtelekeza siku sita, tusishangae.

Wazee wa zamani waliojua kuwinda hawakufanya hivyo. Kule misitu ya Kongo, mbwa wa kuwindia huvalishwa kengele ya mti shingoni, ili mwenyewe ajue alipo kila dakika. Ndugu zetu Waislamu nao wanajua kwamba Kurani, katika Surat Al-Maida, imeruhusu windo la mbwa ALIYEFUNDISHWA anayemkamatia bwana wake. Asiyefundishwa hakutajwa hapo. Maana yake watu wa kale walikwisha ona tofauti tunayojifanya hatuioni: mbwa mwenye mafunzo ni chombo cha kazi, na asiye na mafunzo ni hatari inayotembea.

Tena kuna sheria. Bonde letu si pori la bwerere. Mwaka 2002 liliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ule mkataba wa Ramsar, na mwaka 2023 sehemu yake ikawa Pori la Akiba Kilombero. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda kwa kutumia mbwa bila ruhusa. Sheshe, yule swala wa mbugani aliyelipa bonde letu sifa duniani, amepungua sana. Kijana akikamatwa na kundi la mbwa ndani ya pori, asije ofisini kwetu kuomba barua ya utetezi.

Na mbwa hapeleki meno tu huko porini, hupeleka na magonjwa. Mwaka 1994 kule Serengeti walikufa simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa pale, kwa ugonjwa wa distempa, na mbwa wa vijijini walihusishwa na virusi vyake. Sisi tuko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Selous, ambako wamo mbwa-mwitu wa Afrika ambao dunia nzima wamebaki wachache. Na njia ya magonjwa ni ya kwenda na kurudi. Kinachotoka porini kitaingia nyumbani kwako na mbwa wako.

WALIOUA MBWA WALIPATA NINI?

Watu wa sumu wanasema: "Tukiua wote tutaondoa na kichaa cha mbwa." Haya, tutazame waliojaribu.

Kisiwa cha Flores kule Indonesia kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997. Wakaua mbwa maelfu kwa maelfu. Ugonjwa haukwisha. Kwa nini? Kwa sababu watu waliowapenda mbwa wao waliwaficha na kuwahamisha, na ugonjwa ukahama nao. Na kwa sababu nafasi ya mbwa aliyekufa haikai wazi. Mtu anataka mlinzi wa shamba, ataleta mwingine kutoka kijiji cha pili, mdogo, asiyechanjwa, asiyejua mbuzi wala kuku wa hapa. Ukimuua mbwa aliyechanjwa, umebomoa tuta kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa tazameni nyumbani. Kuanzia mwaka 2010 zilifanyika kampeni za kuchanja mbwa kusini-mashariki mwa nchi yetu pamoja na kisiwa cha Pemba. Bonde letu lilikuwemo, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki. Pemba ugonjwa ulikatika. Mwaka 2016 ukarudi, ukiletwa kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na ulipofika mwaka 2018 ukawa umekatika tena. Hawakuweka sumu kisiwa kizima. Walichanja, wakafuatilia kila aliyeng'atwa. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Darasa la kisomo, fanyeni hesabu hiyo ubaoni: kijiji kikiwa na mbwa 120, wangapi wachanjwe? Jibu ni 84. Basi siku ya chanjo tuwahesabu, tuone kama tumefika.

Na sumu yenyewe je? Nyama yenye sumu haichagui. Ataila mbwa, ataila kuku, ataila paka wa ghala la Ushirika, na panya watafurahi. Tai akila mzoga, naye chali. Mtoto wa miaka miwili anayetambaa uani anaokota kila kitu. Nani atasimama mbele ya mama wa mtoto huyo aseme kijiji kilipiga kura?

MAMBO YA KUFANYA

Hatukuandika ili kukataa tu. Haya ndiyo tunayotaka yafuatwe, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

1. Mbwa akuzwe pamoja na mifugo angali mdogo. Samaki mkunje angali mbichi. Toka wiki ya 3 mpaka ya 12 hivi, mbwa mdogo anajifunza ni nani jamaa yake. Akizoea harufu ya mbuzi na kelele za kuku wakati huo, akitulizwa kila anapotaka kuwakimbiza, atakapokua atawaona ni watu wa nyumbani. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamepewa mbwa wa asili ya Uturuki wanaokuzwa zizini na mbuzi tangu udogo, na wakikua wanawalinda wale mbuzi dhidi ya duma. Hapa kwetu wafugaji wa kandokando ya Hifadhi ya Ruaha nao wamepata kujaribiwa mbwa wa namna hiyo. Mbwa yule yule anayeweza kuua mbuzi anaweza kumlinda. Kinachowatofautisha sana ni malezi.

2. Mbwa alishwe nyumbani, saa ile ile, asubuhi na jioni. Hatusemi nyama. Ugali wa dona, dagaa wa kuchanganya, makombo na vichwa vya samaki vilivyochemshwa vinatosha. Mtu asiyeweza kulisha mbwa wanne afuge mmoja.

3. Usiku wa kijijini mbwa asizurure. Awe ndani ya ua wa kwake, au afungwe kwa kamba ndefu, mita tano au zaidi, penye kivuli na maji. Kamba fupi mwaka mzima humpa mbwa wazimu wa hasira. Anayelinda shamba avalishwe njuga, mwenyewe ajue alipo.

4. Aitwe kabla hajatoka. Hatua ya pili ni macho, mnakumbuka? Mbwa akimwona mbuzi anakauka kama gogo, masikio mbele, mdomo umefungwa, mkia umesimama. Hapo ndipo pa kumwita. Akigeuka, mpe dagaa mmoja, msifu. Rudia kila siku akiwa kwenye kamba ndefu, kwanza mbuzi wakiwa mbali, baadaye karibu. Akishatoka mbio, hata ukiita unaita upepo.

5. Asipigwe akirudi. Mshike, mfunge, halafu jilaumu wewe uliyemwachia.

6. Zizi liwe na mlango. Wenye mbuzi nasi tusijisahau. Zizi la miiba lenye pengo ni mwaliko kwa mbwa, kwa fisi na kwa chui. Vijana wa Ushirika wajitolee siku moja waanze na zizi la yule mama.

7. Kila mbwa awe na mwenyewe, na kila mwenyewe aandikwe kwa balozi wake. Siku ya chanjo ajitokeze. Asiye na mwenyewe aripotiwe kwa bwana mifugo, asirushiwe nyama ya sumu na mtu yeyote.

WATOTO WAFUNDISHWE

Kinachokimbia humwita mbwa. Mtoto naye akikimbia ni kitu kinachokimbia. Ndiyo maana mbwa hufuata baiskeli na bodaboda, na ndiyo maana mtoto anayepiga yowe na kutimua mbio hung'atwa kisigino. Mtoto afundishwe kusimama kama mti: mikono chini, asipige kelele, asimkazie mbwa macho, ngoja mbwa anuse aende zake. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, afunike shingo na masikio.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na katika kila 10 wapatao 4 ni watoto chini ya miaka 15. Hawa wote wangeweza kupona. Tangu mwaka 1885, pale Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa, Joseph Meister, na mtoto akapona, dunia inayo dawa ya kuzuia. Lakini dawa inafanya kazi KABLA dalili hazijaonekana. Zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo mtu yeyote aking'atwa, hata na mbwa anayemjua, hata jeraha likiwa dogo kama la mwiba: aoshe kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo aende kituo cha afya au hospitali kuulizia chanjo. Asipake majivu, asipake mafuta ya taa, asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa yule asiuawe na kutupwa mtoni. Mfungieni mahali salama, mwiteni bwana mifugo. Mbwa aliye hai anaweza kuchunguzwa. Mkimtupa, mmetupa na jibu.

MSIMAMO WETU KATIKA MKUTANO

Mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu vijijini, wengi wao ndio kwanza wanajifunza kusoma, walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakajadili, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Walielezwa kwanza, wakaelewa, wakafanya. Hivyo ndivyo adui ujinga anavyopigwa. Sumu ni njia ya mtu asiyetaka kueleza wala kuelewa.

Katika mkutano tutasimama na kusema mambo matatu. La kwanza, wenye mbwa walioua watajwe na WALIPE mbuzi wanne kwa mbuzi wanne, kabla ya ajenda nyingine yoyote. Asiye na mbuzi alipe kwa mpunga mavuno yakiingia, na Ushirika uandike deni hilo daftarini. La pili, pendekezo la sumu liondolewe, na anayeweka sumu kwa siri ahesabiwe kuwa mkosaji kwa kijiji kizima. La tatu, yale mambo saba hapo juu yaingizwe katika sheria ndogo za kijiji, mabalozi wayasimamie, na kila baada ya miezi mitatu wasomewe wananchi ukutani hapa nani ametimiza na nani bado.

Tunajua tutaitwa wapenda mbwa. Waseme tu. Mbwa hana kura, hana kadi ya Ushirika, wala hawezi kutununulia hata soda. Anayetupa mashaka ni mtu. Mtu anayefuga asichokilisha, anafundisha asichokisimamia, kisha siku ya malipo anataka mwingine afe badala yake. Mtu wa namna hiyo tukimwachia leo kwa mbuzi, kesho atatukimbia kwa mkopo wa mbolea.

Ndugu wanakijiji, njooni mkutanoni. Akina mama njooni mbele, msikae nyuma ya mwembe. Mwenye mbwa aje na jina lake. Yule mama aje na hesabu yake.

Asiyekubaliana nasi achukue karatasi, aandike, abandike hapa pembeni. Ukuta huu ni wa wote.

KATIBU WA TAWI